Kinga ya Nyumba dhidi ya Mchwa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumwaga Zege

Watu wengi katika nchi yetu hujenga nyumba moja tu maishani. Huijenga kwa miaka: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mwaka wa tatu, Mungu akijalia, bati. Aghalabu fedha zinazotumika ni kiinua mgongo, mavuno ya misimu kadhaa au mkopo utakaolipwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo, mchwa anayetafuna fremu za milango na kenchi za paa hali mbao peke yake. Anakula akiba ya familia. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo afanyavyo mdudu huyu.

Somo hili linaeleza jinsi dawa inayotiwa kwenye udongo inavyofanya kazi, kiasi kinachohitajika, na namna mtumiaji anavyoweza kutambua kama huduma aliyoilipia imetolewa kweli. Hatukusudii kumfundisha kila mwenye nyumba kupiga dawa kwa mikono yake. Kazi hiyo ni ya mtaalamu mwenye kibali. Tunakusudia kumwezesha kusimama kando ya msingi wake, akatazama, akahesabu na akauliza.

1. Mchwa ni nani, na huingiaje ndani?

Mchwa huishi kwa jamii kubwa. Kila jamii ina malkia anayetaga mayai, askari wanaolinda, na vibarua wanaotafuta chakula. Kumbikumbi tunaowaona wakiruka baada ya mvua ni mchwa wenye mbawa wanaotoka kwenda kuanzisha jamii mpya. Chakula chao kikuu ni kile kinachoupa mti na karatasi ugumu wake. Ndiyo maana hawachagui: mbao, silingi bodi, kabati, vitabu vya watoto, hata hati ya kiwanja iliyohifadhiwa sandukuni.

Yapasa kutofautisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni mchwa wa ardhini. Hawa hukaa udongoni, wengine katika vichuguu vinavyoonekana, wengine chini kabisa pasipo dalili yoyote juu ya ardhi. Mwili wao hukauka upesi, hivyo huhitaji unyevu na hawapendi kutembea hewani. Wanapopanda ukutani hujenga vijia vya udongo vyenye upana kama wa penseli, na ndani ya vijia hivyo husafiri kati ya udongo na chakula chao.

Kundi la pili ni mchwa wa mbao kavu. Hawa huishi ndani ya mbao yenyewe bila kuhitaji kugusa ardhi. Hawajengi vijia vya udongo. Dalili yao ni chembe ndogo ngumu, mfano wa mchanga au mbegu ndogo, zinazodondoka chini ya fremu au kabati. Vumbi laini kama unga huwa ni kazi ya bungua, ambaye si mchwa.

Tofauti hii ina uzito mfukoni. Dawa ya udongo humzuia mchwa anayetoka ardhini tu. Mwenye nyumba anayeona chembe chini ya kabati, kisha akalipia dawa ya kuzunguka msingi, amelipia tiba ya ugonjwa asiokuwa nao. Kabla ya kukubali bei yoyote, mtake mtoa huduma akuonyeshe dalili aliyoiona na akutajie kundi la mdudu.

Husemwa pia kwamba nyumba ya tofali za saruji haina haja ya kinga. Ni kweli mchwa hawali saruji. Lakini hupita katika nyufa za jamvi, pembeni mwa mabomba yanayotoboa sakafu, na katika kiungo kati ya jamvi na ukuta. Ufa ambao jicho letu hulidharau, kwao ni barabara.

2. Dawa ya udongo hufanya kazi gani?

Lengo la dawa hii ni kuweka ukanda wa udongo wenye dawa, usiokatika, kati ya ardhi na jengo. Mchwa atokaye chini hana budi kukutana na ukanda huo kabla ya kuifikia mbao.

Dawa zinazotumika siku hizi ni za namna mbili. Zipo zinazofukuza, kama vile bifenthrini na saipamethrini. Mchwa huzitambua na kugeuka. Udhaifu wake ni kwamba pakiwa na pengo dogo lisilopata dawa, mchwa hulitafuta hadi walipate. Zipo pia zisizofukuza, kama vile fipronili na imidaklopridi. Mchwa hawazitambui, hupita katika udongo huo, hubeba sumu mwilini na hufa baadaye, na baadhi yao huwaambukiza wenzao kabla ya kufa. Namna zote mbili hufaa zikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Namna zote mbili hushindwa zikipunjwa.

Wazee wengi wanakumbuka dawa za zamani zilizokaa ardhini kwa miongo kadhaa: aldrini, dieldrini, klodeni na heptakloro. Ni kweli zilidumu, na kudumu huko ndiko kulikozifanya ziondolewe. Hazikuishia kwenye msingi. Ziliingia katika mnyororo wa chakula, zikajikusanya katika mafuta ya mwili wa wanyama na binadamu, na kuonekana hata katika maziwa ya mama. Zote nne zimo miongoni mwa kemikali 12 za kwanza zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mwaka 2025 nchi wanachama wa mkataba huo ziliamua kuiongeza klopairifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kwa baadhi ya matumizi. Mtu akikunong'oneza kwamba anayo “ile dawa ya zamani yenye nguvu”, usiione kuwa bahati. Ama anakudanganya, ama anataka kukuwekea chini ya kitanda cha watoto wako sumu iliyokatazwa.

Dawa za sasa hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, kulingana na aina ya dawa, udongo, joto na maji. Ahadi ya kinga ya miaka 50, au ya “milele”, haina msingi. Dhamana ya kweli hutaja miaka michache inayolingana na lebo, na hutaja pia ukaguzi wa mara kwa mara.

3. Hesabu ambayo kila mjenzi anaiweza

Hapa ndipo wengi hupunjwa, kwa hiyo tunamwomba msomaji achukue kalamu.

Lebo nyingi za dawa hizi huelekeza takriban lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita 1 ya urefu wa msingi, kwa kila sentimita 30 za kina. Na takriban lita 4 kwa kila mita 1 ya mraba ya eneo litakalofunikwa na jamvi. Lebo ya dawa uliyonunua ndiyo yenye neno la mwisho. Sisi tunatumia vipimo hivi kwa mfano.

Tuchukue mwalimu mstaafu anayejenga nyumba ya mita 10 kwa mita 8.

Mzunguko wa nje: 10 + 8 + 10 + 8 = mita 36.
Dawa ya mzunguko kwa kina cha sentimita 60: 36 × 5 × 2 = lita 360.
Eneo la jamvi: 10 × 8 = mita za mraba 80.
Dawa ya eneo la jamvi: 80 × 4 = lita 320.
Jumla: lita 680 za mchanganyiko.

Kuta za ndani hatujazihesabu. Zikiongezwa, kiasi kitazidi. Sasa tuseme lebo inaagiza mililita 10 za dawa kwa kila lita 1 ya maji. Lita 680 zitahitaji lita 6.8 za dawa kabla ya kuchanganywa.

Hebu tumrudie mwalimu wetu. Anakuja fundi na bomba moja la mgongoni la lita 16 na chupa ya dawa ya nusu lita. Anazunguka msingi mara moja, anapuliza juu juu kama anayenyunyizia mchicha, na baada ya nusu saa anadai malipo. Bomba hilo lingepaswa kujazwa zaidi ya mara 42. Kilichofanyika pale si kinga. Ni udongo uliolowanishwa. Ubaya ni kwamba kosa hilo halitaonekana leo. Litaonekana miaka kadhaa baadaye, jamvi likiwa limekwisha kumwagwa, fundi hajulikani aliko, na mwalimu hana tena kiinua mgongo cha pili.

Harufu kali si ushahidi wa kipimo sahihi. Maji kugeuka meupe kama maziwa nako si ushahidi. Ushahidi ni lita zilizotumika na lebo iliyosomwa.

4. Wakati wa kutia dawa

Wakati ulio bora, na ulio rahisi kwa gharama, ni kabla ya kumwaga zege la jamvi. Utaratibu unaofaa ni huu:

Kwanza, ondoa visiki, mizizi, vipande vya mbao za boksi na mifuko mitupu ya saruji iliyotupwa ndani ya msingi. Kuvifukia ni kuwaandalia mchwa karamu.

Pili, dawa hutiwa kifusi kikiwa kimekwisha kujazwa, kusawazishwa na kushindiliwa. Dawa ikitiwa kabla ya kushindilia, ukanda huvurugwa na majembe.

Tatu, mtaalamu hutia dawa eneo lote la jamvi, na huzidisha uangalifu kando ya kuta za msingi, kuzunguka nguzo, na mahali pote ambapo bomba litatoboa sakafu.

Nne, udongo uliotiwa dawa hufunikwa kwa nailoni ya kuzuia unyevu, na zege humwagwa mapema iwezekanavyo. Mvua ikinyesha kabla ya kufunikwa, dawa huweza kusombwa. Dawa isitiwe kwenye udongo uliojaa maji wala wakati mvua imetanda.

Tano, mzunguko wa nje hutiwa dawa mwishoni, baada ya udongo wa nje kurudishwa na kusawazishwa. Maana yake ni kwamba mtoa huduma atafika angalau mara mbili. Anayesema atamaliza kila kitu kwa ziara moja, kabla kifusi hakijajazwa, aulizwe vizuri.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, kazi ni ngumu zaidi lakini yawezekana. Mtaro mwembamba, wenye upana na kina cha takriban sentimita 15, huchimbwa kuambaa ukuta wa nje bila kufukua chini ya msingi. Dawa humwagwa humo, na kina zaidi hufikiwa kwa fimbo maalumu ya kudungia udongo. Udongo unaorudishwa nao hutiwa dawa. Penye sakafu ya zege, matundu hutobolewa kwa mstari kando ya ukuta, aghalabu kila baada ya sentimita 30. Dawa huingizwa chini, kisha matundu huzibwa kwa saruji. Mafundi wajue mapema mabomba ya maji na nyaya za umeme zinapita wapi.

5. Namna ya kumchagua mtoa huduma

Kwa Tanzania Bara, viuatilifu husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kabla ya kulipa, fanya mambo yafuatayo.

Taka kuona kibali cha mtoa huduma, na hakikisha muda wake haujapita.

Taka dawa ifunguliwe mbele yako, ikiwa katika chombo chake halisi chenye lakiri. Dawa iliyohamishiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa isikubaliwe hata kidogo. Chombo cha namna hiyo hakina lebo, na mtoto haoni tofauti.

Soma lebo: jina la dawa, jina na kiwango cha kiambato chenye nguvu, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maneno yanayosema kwamba dawa hiyo ni ya mchwa kwenye majengo. Dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya mazao si dawa ya msingi wa nyumba. Tazama pia utepe wa rangi: nyekundu ni hatari kubwa zaidi, hufuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani nacho hakimaanishi kwamba dawa yafaa kuchezewa.

Andikiana mkataba mfupi. Utaje jina la dawa, kipimo cha mchanganyiko, jumla ya lita zitakazotumika, maeneo yatakayotiwa dawa, tarehe, muda wa dhamana, na nani atagharimia kazi ya kurudia mchwa wakionekana ndani ya muda huo.

Piga picha za lebo na za kazi ikiendelea, na udai risiti ya EFD. Ukitendewa isivyo haki, vitu hivyo ndivyo vitakavyokusemea mbele ya mamlaka ya viuatilifu au Tume ya Ushindani, ambayo husimamia pia ulinzi wa mlaji.

6. Usalama wa watu, maji na viumbe

Siku ya kazi, watoto, wajawazito na mifugo wakae mbali mpaka udongo ukauke au ufunikwe, kama lebo inavyoelekeza. Mpigaji dawa avae glavu, buti, nguo za mikono mirefu, na vikinga vya macho na pumzi vilivyotajwa kwenye lebo. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini.

Kama kiwanja kina kisima, tangi la chini ya ardhi au kipo karibu na mto, mweleze mtaalamu kabla hajachanganya dawa. Bifenthrini na fipronili ni sumu kali kwa samaki. Imidaklopridi huweza kusafiri na maji yanayozama ardhini. Nyuki nao hudhuriwa na dawa hizi, hivyo zisipulizwe juu ya maua.

Chombo kilichokwisha kisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudishwe katika mchanganyiko. Kisha kitobolewe ili asipatikane wa kukitekea maji au kuwekea mafuta ya kula.

Dawa ikimwagika mwilini, vua nguo na uoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, safisha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Ikimezwa, usimtapishe mgonjwa isipokuwa lebo au mhudumu wa afya ameagiza. Mpeleke hospitali haraka, na ubebe lebo au chombo cha dawa. Daktari atataka kujua ni sumu gani.

7. Tiba za mazoea, na kinga isiyo na gharama

Wengi humwaga oili chafu ya magari kwenye msingi. Oili hiyo haina kipimo wala haiweki ukanda usiokatika. Lakini ina uchafu wa metali na kemikali unaoharibu udongo na kuchafua maji. Wengine huchimba kichuguu na kumtoa malkia. Hilo huweza kuidhoofisha jamii ile moja, lakini si ajabu mchwa wanaokula fremu yako wakawa wa jamii nyingine isiyo na kichuguu.

Yapo mambo yasiyohitaji kemikali, na bila hayo dawa peke yake haitoshi. Usirundike kuni, mbao wala majani makavu ukutani. Acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane juu ya ardhi, ili kijia cha mchwa kikijengwa ukione. Elekeza maji ya mvua na ya bafuni mbali na kuta. Rekebisha bomba linalovuja. Usichimbe bustani ya maua kando ya ukuta uliotiwa dawa, kwa kuwa utakuwa unauvunja ukanda kwa jembe lako mwenyewe. Zunguka nyumba mara moja kila baada ya miezi mitatu ukiwa na tochi: angalia msingi, fremu, stoo na chini ya sinki. Gonga mbao, ikitoa sauti ya uwazi, mwite mkaguzi.

Maswali ya kujipima

1. Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Je, mzunguko wake wa nje unahitaji lita ngapi za mchanganyiko kwa kina cha sentimita 30, kwa kipimo cha mfano wetu?

2. Chini ya fremu kuna chembe ngumu kama mchanga, wala hakuna vijia vya udongo ukutani. Je, dawa ya udongo itasaidia?

3. Fundi anataka kutia dawa asubuhi, na kifusi kitashindiliwa mchana. Utamwambia nini?

Majibu: (1) Mzunguko ni mita 42; 42 × 5 = lita 210. (2) La, dalili hizo ni za mchwa wa mbao kavu, na tiba yake hufanywa kwenye mbao. (3) Kifusi kishindiliwe kwanza, dawa ifuate, kisha nailoni na zege.

Aliyejibu maswali haya matatu ana maarifa ya kutosha kusimama kando ya msingi wake siku ya kazi. Tunamshauri asimame hapo kweli, akihesabu kila bomba linalojazwa. Siku moja ya kusimama juani ni nafuu kuliko kuezua paa.